Ruhusa ya Msafiri

Mwezi ulipoandama, Bonareri alikuwa amekwisha kuchoka. Wenzake huanza kulegea katika kumi la kati, usingizi unapokuwa haba na futari zimeanza kufanana, yeye alilegea tangu Shaabani, alipokuwa akifua mapazia, akisugua masufuria, na kumjibu mama mkwe wake ambaye kila alipomwona mlangoni aliuliza, "Ramadhani imefika?" Bado, mama. "Imefika?" Bado kidogo. Basi ikafika, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Mama mkwe huyo aliitwa Fardosa. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umempokonya vitu vingi, tena bila adabu. Ulimpokonya jina la mtaa. Ulimpokonya kifo cha mumewe, hata ikawa anafiwa upya kila anapomuulizia. Siku nyingine ulimpokonya hata Ahmednoor, mwanawe, akamwita "wewe kijana wa duka" na kumtuma ndimu. Lakini saumu ulimwachia. Umkute asubuhi, umkute adhuhuri, Fardosa alijua jambo moja kwa hakika: kwamba amefunga, na kwamba yeyote anayemletea sahani mchana hana haya.

Na hakutakiwa kufunga. Alikuwa na sukari, na dawa aliyoimeza alfajiri ilidai chakula mchana. Asipokula, jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka, na Ramadhani iliyotangulia alianguka bafuni wakamwokota hajitambui. Daktari alisema wazi kwamba akianguka hivyo tena huenda asiamke. Sheikh naye alikuja mwenyewe mpaka sebuleni, akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa kama yeye ameondolewa saumu, na nyumba italisha maskini mmoja kwa kila siku anayokula. Fardosa alimsikiliza, akaitikia, akamwombea dua njema. Sheikh hajamaliza kushuka ngazi, Bonareri akaleta uji.

"Unanipa uji mchana wa Ramadhani?" Fardosa akamuuliza. "Nani amekufundisha dini, mwanangu?"

Swali hilo lilimuuma Bonareri, kwa sababu aliyemfundisha ni Fardosa huyo huyo.

Bonareri alizaliwa Manga, kule juu ukingoni mwa bonde, katika nyumba ya Wasabato wenye migomba na chai. Alishuka mjini Kisii kushona mapazia katika duka la Ahmednoor, na kabla ya mwaka kuisha Ahmednoor alikuwa anatafuta sababu za kupima upya madirisha yaliyokwisha kupimwa. Akasilimu, akaolewa. Jina jipya alipewa, lakini Fardosa ndiye aliyekataa kulitumia. Alisema jina alilopewa mtu na mama yake halina kosa lolote. Ramadhani ya kwanza, Fardosa aliketi naye kila alasiri, saa zile njaa inapopiga kelele, akamsimulia jinsi alivyotoka Isiolo bi harusi, juu ya lori la ng'ombe, na jinsi alivyozunguka na mumewe miaka mingi wakiuza nguo, mpaka adhana ikawakuta katikati ya hadithi. Alimfundisha kwamba katika nyumba ile sinia ni moja, kwamba mtoto mdogo ndiye wa kwanza kupewa tende, na kwamba sahani ya kwanza hutoka nje kwenda kwa mtu mwingine.

Kaltuma, dada yake Ahmednoor, aliyeolewa Kisumu, hakuwa na subira hiyo. Siku ya harusi alisema, wala hakunong'ona, "Huyu atafunga mwaka mmoja, wa picha."

Miaka kumi na saba ilikuwa imepita. Ukiacha siku ambazo dini yenyewe humwondolea mwanamke, nazo alizilipa zote, Bonareri hakuwahi kutia kitu mdomoni mchana wa Ramadhani. Hakula hata siku walipomzika baba yake Manga, masufuria yamejaa uani na shangazi zake wanamsukumia sahani wakimuuliza ni dini gani hii isiyojua msiba. Saumu ndiyo iliyokuwa kitambulisho chake. Hakuna aliyemwambia akitoe akionyeshe, lakini hakuwahi kutoka bila hicho.

Basi Jumamosi ya kwanza, hila zote zikiwa zimemwishia, alifanya jambo ambalo akilikumbuka mpaka leo hujifunika uso. Alivuta mapazia ya sebuleni, yale mazito aliyoyashona mwenyewe, giza likaingia. Akapanga tende na maji juu ya mkeka. Kisha akaweka simu nyuma ya kochi na kuifungulia adhana.

Fardosa alisema Alhamdulillahi, akafungua saumu yake adhuhuri hiyo, akala vizuri kuliko alivyokula wiki nzima. Bonareri alikaa mbele yake akijifanya anatafuna, na moyo wake ukaanza kutulia.

Alimsahau Istarlin. Binti yake huyo wa miaka kumi alikuwa anafunga Ramadhani yake ya kwanza nzima, hajakosa hata siku moja, na saa hiyo alikuwa amelala chumbani. Aliisikia adhana usingizini, akadhani amelala mpaka magharibi, akakimbilia jikoni, akanywa kikombe cha maji mpaka mwisho, akala na sambusa mbili. Alipotoka akipangusa midomo na kuuliza mbona baba hajarudi, alisogeza pazia achungulie. Jua lilikuwa utosini, na watu wanapita na ununuzi wao. Mtoto alilia mpaka kwikwi ikamshika, na hakuna neno la mama yake lililofaa kitu.

Ahmednoor hakupiga kelele aliposimuliwa. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Mama Istarlin," alisema, "adhana ni ya Mwenyezi Mungu. Hatuwezi kumpigia saa yake."

"Na mama yako akianguka?"

"Sijui. Lakini si hivi."

"Hiyo sijui yako hailishi mtu, Baba Istarlin."

Wote wawili walikuwa na njaa, na watu wenye njaa hawapatani upesi.

Jumatatu yake Fardosa alikataa chakula tena, na jasho likaanza. Nyangau, dereva wa duka, alikuwa anapakia blanketi kwenye Probox azipeleke kwa mteja Nyaramba. Bonareri alimwambia asubiri, akamshika mama mkwe wake mkono, akamketisha kiti cha mbele, yeye akajibana nyuma na mzigo. Nia ilikuwa kumshusha kwa daktari, ambaye kliniki yake iko nje ya mji, upande wa Nyamira.

Walikuwa wameacha nyumba za mjini nyuma na mashamba ya chai yameanza, Fardosa akageuka. "Tunakwenda wapi?"

"Safari, magokoro," Nyangau akamjibu, maana hivyo ndivyo Wakisii wanavyomwita bibi yeyote, awe wao au wa wengine.

"Safari," Fardosa akasema. Alinyoosha mtandio wake, akakaa vizuri, uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeingia chumba anachokijua. "Mmebeba chakula?"

 Bonareri hakubeba kitu. Lakini Nyangau alikuwa na kibakuli chake cha chapati na maharagwe ya mchana.

"Msafiri ana ruhusa," Fardosa alieleza, kwa sauti ile ile ya miaka kumi na saba iliyopita. "Siku hii nitailipa. Lete, mwanangu."

Alikata chapati vipande viwili. Kimoja akampa Nyangau, kimoja akakishika mkononi, akangoja. Nyangau naye akangoja, kwa heshima. Fardosa akamtazama kwa ukali kidogo.

"Kula. Njiani mtu hali peke yake. Mmoja akifunga, sote tumefunga. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya lori letu."

Nyangau si mtu wa kubembelezwa kula. Aliendesha kwa mkono mmoja, akala, na Fardosa akala naye, na walipofika kwa daktari hakukuwa na cha kumtibu. Bonareri aliketi nyuma kati ya blanketi akalia kimyakimya, kwa shukrani na kwa njaa, kwa sababu chapati ile ilinukia vibaya sana kwa uzuri.

Jioni alimweleza mumewe. Ahmednoor alifikiri huku akipanga tende. Kama umbali wenyewe unatimiza sharti la safari, hilo hakuliingilia. Mgonjwa ana ruhusa hata akiwa kitandani. Kilichotakiwa ni yeye Fardosa kukubali.

"Gari linakwenda kweli?" aliuliza.

"Linakwenda kweli."

"Basi hapo hakuna uongo."

Ndivyo safari zilivyoanza. Hakuna aliyekaa chini akapanga kwamba hii iwe desturi ya nyumba. Zilianza kwa sababu bibi lazima ale. Mzigo wa duka ndio uliochagua njia: leo Mosocho, kesho Nyaramba, keshokutwa kwa mteja mmoja aliye ndani huko ambako lami haijafika. Kila adhuhuri Bonareri aliinuka kwenye cherehani, akapanga kikapu, akamvalisha Fardosa viatu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chapati au viazi, mayai ya kuchemsha, na sahani moja iliyofunikwa ambayo haikuwa yao. Hiyo ilikuwa ya maskini wa siku hiyo, kama Sheikh alivyosema. Walimpa ajuza mmoja wa Mosocho asiye na watoto, walimpa mlinzi wa kituo cha kununulia majani ya chai, walimpa yeyote ambaye njia ilimleta. Fardosa alitaka aitoe kwa mkono wake mwenyewe kupitia dirishani, na hapo alikuwa hasahau hata kusalimia.

Jumamosi Nyangau haendeshi, ni Sabato yake. Basi Ahmednoor alifunga duka mchana, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu azaliwe Istarlin, akaendesha mwenyewe mpaka Manga. Istarlin alikaa nyuma na mama yake na ndiye aliyesoma dua ya safari, kwa sauti, na ole wako uwashe gari kabla hajamaliza. Huko juu, Mokeira, mama yake Bonareri, alikuwa amerudi kutoka kanisani na amevaa bado gauni la Sabato. Yeye ndiye aliyekula na Fardosa siku hizo. Waliketi ubavuni kwa nyumba na sahani ya ndizi za kupika kati yao, mmoja anaongea Kisomali kidogo, mwingine Ekegusii kidogo, na kila mmoja anamjibu mwenzake kama kwamba amesikia alichotaka kusikia. Wafungaji watatu walikaa kando, wakitazama bonde, wakimeza mate.

"Safari yetu ya Jumamosi," Istarlin alianza kuiita, na wiki ya pili alikuwa anamuuliza baba yake kama Ramadhani ijayo pia wataenda. Ahmednoor alisema inshallah.  Bonareri alikuwa anahesabu kichwani mapazia yaliyobaki.

Maana msisahau mapazia. Wiki za kuelekea Idi kila nyumba inataka madirisha mapya, na waliokuwa wametulia mwaka mzima huja kwa pamoja. Bonareri aliamka daku, akashona, akasafiri, akarudi alasiri akiwa na vumbi la barabara na harufu ya mayai, akapika futari, akamlaza bibi, akashona tena. Miguu ilimvimba. Alianza kusahau na yeye: aliweka chumvi mara mbili, akaacha pasi juu ya kitambaa cha mtu. Nyangau alilalamika kwamba suruali zinambana. "Mama, huyu magokoro atanimaliza na hii chakula," alisema. "Mke wangu nyumbani anauliza kwa nini sili jioni." Bonareri alicheka, lakini kicheko chenyewe kilimchosha.

Kumi la mwisho lilipoingia, Ahmednoor alikwenda itikafu msikitini, kama ilivyo ada yake kila mwaka. Alimuuliza kwanza. Bonareri alimwambia, "Nenda," kwa ile sauti ambayo mume mwenye akili huisikia akavua viatu akabaki. Ahmednoor alisikia neno, sauti hakuisikia.

Siku ya pili yake Kaltuma akashuka kutoka Kisumu na mizigo mitatu, amekuja kusaidia mpaka Idi. Kusaidia kwake kulikuwa kukaa karibu na jiko na kueleza. Alieleza sambusa. Alieleza jinsi mama yao alivyokuwa akikunja nguo. Na safari za mchana alizishangaa.

"Kumtembeza mgonjwa kwenye vumbi ili ale yai?" alisema. "Mama anataka kuambiwa kwa uthabiti, basi. Nyinyi mnamwogopa."

"Wifi, tumemwambia."

"Nitamwambia mimi."

Jumamosi ilifika. Nyangau yuko kanisani, Ahmednoor yuko msikitini na simu yake imezimwa, na Bonareri haendeshi. Alikuwa amepatana na kijana mmoja wa tuktuk awapeleke japo mpaka Mosocho na kurudi. Lakini kabla ya adhuhuri mbingu ya Kisii ilifunguka kwa namna yake ile isiyo na mashauriano. Mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka watu wa nyumba moja wakawa wanazungumza kwa mikono, barabara ikageuka mto wa rangi ya kahawia, na tuktuk haikuonekana.

Kaltuma akaona saa yake imewadia. Alichukua sahani, akaketi karibu na mama yake, akamwambia kwa uthabiti. Fardosa alifunga mdomo. Kaltuma akambembeleza. Fardosa akausukuma mkono wake.

"Nimekuzaa mimi," alisema, "nawe unataka kunilisha mchana wa Ramadhani?"

"Mama, wewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni wewe, uliyesahau Mungu."

Kaltuma aliirudisha sahani jikoni na hakutoka. Bonareri alimsikia akilia humo, kilio cha mtu mzima asiyependa kusikika, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alimhurumia. Lakini hakuwa na wakati wa kumhurumia vizuri. Jasho lilikuwa limeanza kujitokeza juu ya midomo ya Fardosa, na kidole chake kimoja kilikuwa kinagongagonga mkono wa kiti bila yeye kujua.

Alichukua kikapu akatoka. Alisimama barabarani, mawe ya mvua yanampiga mabegani, akakipungia mkono kila kilichokuwa na magurudumu. Pikipiki moja ilipunguza mwendo, mwenyewe akamtazama, akatikisa kichwa na kuendelea. Alikwenda mpaka kwenye kona ambapo tuktuk hujipanga, akakuta maji matupu. Hapo aliwaza jambo baya. Aliwaza kwamba kama bibi ataanguka leo, na aanguke, ilimradi yeye apate kulala. Wazo lilipita na kumwacha amesimama pale, ameogopa moyo wake mwenyewe.

Alirudi. Aliingia sebuleni na kikapu mkononi, buibui limemganda mwilini, maji yanachuruzika kwenye mkeka, na hakuwa na hila nyingine yoyote chini ya jua wala chini ya mvua.  Akakaa chini pale pale karibu na mlango.

Fardosa alikuwa anamtazama. Alitazama nguo zilizolowa, akatazama kikapu, akasikiliza kelele za mabatini.

"Lori limekwama?" aliuliza.

Bonareri aliinua uso. Hakutaka kusema uongo, na hakuwa na nguvu za kueleza ukweli wote. "Gari hakuna, mama," alisema. "Mvua imetuzuia."

"Mvua za huku," Fardosa alisema. "Njoo, usikae mlangoni. Umetoka mbali, ninakuona."

Bonareri akasogea kwa magoti. Fardosa alikifungua kikapu mwenyewe kwa mikono inayotetemeka, kama mwenye safari yake, akatoa chapati. Akaitazama, akaikata vipande viwili. Kimoja akakishika. Cha pili akamnyooshea mwanamke aliyelowa mbele yake.

Bonareri alijua kinachokuja. Aliitazama ile nusu ya chapati, akaikumbuka ile miaka yake kumi na saba.

"Mimi nimefunga, mama."

"Na mimi nilikuwa nimefunga. Msafiri ana ruhusa."

"Kula wewe, mama. Mimi nitakula baadaye."

Fardosa aliishusha ile nusu yake juu ya goti. "Basi nami nitangoja," alisema. Jasho sasa lilikuwa linamshuka shingoni. Alifumba macho kidogo, akayafumbua kwa taabu. "Nitakula vipi mbele yako na wewe una njaa? Unadhani sikulelewa?"

Istarlin alikuwa ametoka chumbani. Alisimama nyuma ya kiti cha bibi yake, amemwona, na amemwona mama yake. Naye alikuwa mwepesi wa kuelewa.

"Mama, nitakula mimi," alisema. "Mimi bado mtoto. Nitalipa."

 Tangu siku ile ya pazia hakuwa amekosa hata moja, na Bonareri alijua mtoto huyo anazitunza siku zake kama mtu anavyotunza mayai. Alikuwa amekwisha kumnyang'anya moja. Hakuweza kuchukua nyingine.

Kaltuma naye alikuwa mlangoni mwa jikoni, macho mekundu. Alimtazama mama yake, akamtazama mke wa kaka yake. Hakusema kula, hakusema usile. Bonareri alimwona akiwa amesimama hapo, yeye kati ya watu wote, na alitamani mno kwamba asingekuwapo.

Chapati ilikuwa bado imenyooshwa mbele ya uso wake, na mkono ulioishika ulikuwa unashuka kidogo kidogo.

Bonareri alisema Bismillahi na kufungua mdomo.

Fardosa alimlisha. Chapati ilikuwa imepoa na imeingia maji ya mvua kwenye kona. Aliitafuna mbele ya binti yake na mbele ya wifi yake, adhuhuri ya Ramadhani, akameza, na hakuna kilichotokea ila machozi, ambayo hata hivyo uso wake ulikuwa na maji ya kutosha kuyaficha. Fardosa alimwangalia mpaka akameza. Ndipo akatia nusu yake mdomoni, akala kwa pupa, kama mtu aliyekuwa na njaa ya siku nyingi, akanyoosha mkono kuomba yai.

Walikula hivyo, kipande kwa kipande, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mikono ya Fardosa ilianza kutulia. Kaltuma aliingia jikoni, akarudi na vikombe viwili vya chai isiyo na sukari, kimoja akakiweka mbele ya mama yake, kingine mbele ya Bonareri. Kisha akamvua mtandio uliolowa kichwani, akamfunga wake mwenyewe uliokuwa mkavu, na akaketi chini karibu yao bila kueleza chochote.

"Usihuzunike," Fardosa alimwambia Bonareri, na kumpangusa kidevu kwa kidole gumba. "Ni siku moja tu. Idi ikipita tutazilipa, wewe na mimi. Nitakuamsha daku mwenyewe. Tutafunga pamoja."

Alisema hivyo kwa yakini, na Bonareri alijua kwamba kabla ya magharibi atakuwa amesahau ahadi hiyo, amesahau mvua, amesahau na mgeni aliyemlisha kwa mkono wake. Katika hao wawili, wa kukumbuka ni mmoja.

"Ndiyo, mama," alimjibu. "Tutafunga pamoja."

Akamenya yai la pili, akampa nusu.